Need for Speed Underground 2: 240SX ina kila kipuri, mbona Street X inanishinda?

kona_kali

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa wale wanaoijua vizuri Underground 2, ile ya mwaka 2004 yenye jiji la Bayview, siyo ya kwanza ya 2003.

Natumia Nissan 240SX tangu mwanzo wa gemu. Mnakumbuka pale unapotoka uwanja wa ndege na ile 350Z ya Rachel, yule dada anayekuongoza kwenye gemu, unaipeleka mpaka kwenye duka la magari, unaambiwa chagua lako. Nilichagua hilo na sijatamani jingine. Nalipenda umbo lake, napenda taa zake za mbele, na nimejiwekea nia ya kumaliza nalo gemu zima mpaka nimfikie Caleb, yule mpinzani mkuu, na genge lake. Kwa hiyo naomba ushauri ambao haunilazimishi kuliacha, kama upo.

Kwenye mizunguko ya kawaida na sprint za mjini niko vizuri. Hata wale wa Outrun ninaokutana nao njiani nawaacha, zile mita 300 zinakatika bila shida. Kinachonitesa ni Street X, zile mbio za njia nyembamba zenye kona nyingi. Ninaondoka mbele, nafika kona ya kwanza, nyuma ya gari inachomoka. Nikiona inachomoka naachia mafuta ili nitulize gari, ndipo inachomoka zaidi, nageukia nilikotoka, na wale watatu wanapita kwa ndani. Nikijitahidi kuingia kona taratibu, sitelezi, lakini natoka nimelala kabisa, injini inanguruma tu haivuti.

Jambo la pili ni drift, yale mashindano ya kuteleza kwa pointi, za mteremko kule Jackson Heights. Pointi napata nyingi tu, tena za haraka, halafu ubavu unagusa ukuta na zote zinayeyuka kabla hazijaingia.

Nimeshafunga vipuri vyote vya juu nilivyofunguliwa mpaka sasa: injini, tabo, kompyuta ya injini, matairi, breki, nitro. Daino, ile sehemu ya kurekebisha mipangilio ya gari, nimeifungua nikaangalia zile springi na stebilaiza (vile vyuma vinavyozuia gari kulala kwenye kona) na grafu, nikaona ni vitu vingi, nikafunga. Sasa naomba kujua mambo matatu. Je, shida ni gari lenyewe? Kama si gari, kwenye daino niguse nini kwanza? Na hizi bodi, spika na milango ninavyoongeza ili nipate nyota, vinaweza kuwa ndivyo vinavyolifanya gari kuwa zito?

---

mzee_wa_skyline

Karibu mkuu. Jibu langu ni fupi: ukifunguliwa gari linalosukuma magurudumu yote manne, lichukue. Lancer Evolution, Impreza au Skyline R34, lolote kati ya hayo. Street X ina kona zinazofuatana bila kupumua, na gari la aina hiyo unalikanyagia mafuta ukiwa bado ndani ya kona na linakuvuta nje. Halikugeuki. 240SX unaweza kubaki nayo kwa ajili ya drift, maana kadiri unavyosonga mbele gemu linakuruhusu kuwa na gari zaidi ya moja.

Na ukimaliza hii, nenda Most Wanted ya 2005. Kule kuna polisi, na mbio zina uzito mwingine kabisa mtu anapokufukuza na ving'ora. Bayview hakuna hata askari mmoja, hilo peke yake ndilo ninalolilalamikia.

---

gia_ya_tatu

kona_kali, usiliache gari. Mzee hapo juu amesema kweli kuhusu magari ya magurudumu manne, yanasamehe. Ila wewe umeshaliambia jukwaa ugonjwa wako ni upi, na dawa yake inapatikana kwenye daino bila kununua kitu kingine.

Umesema: nikiachia mafuta ndipo inachomoka zaidi. Tuanzie hapo. Gari likiwa kwenye kona halafu ukaachia mafuta ghafla, uzito unakimbilia mbele. Matairi ya mbele yanakandamizwa, yanashika sana. Ya nyuma yanapunguziwa mzigo, na tairi lililopunguziwa mzigo linashika lami kidogo. Mbele imeshika, nyuma imelegea, gari lenyewe limeshaanza kuzunguka, kwa hiyo mkia unakuja mbele. Hivyo ndivyo gari la kweli linavyofanya, na waliotengeneza gemu hili waliliweka jambo hilo ndani vizuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Ukiongeza kwamba 240SX inasukuma kwa nyuma, na wewe umeifunga injini ya nguvu zote, basi magurudumu mawili ya nyuma yana kazi mbili: kushikilia kona na kupokea nguvu yote. Ukikanyaga yanateleza kwa nguvu, ukiachia yanateleza kwa kukosa uzito. Ndiyo maana unajiona huna pa kukimbilia.

Kwanza tengeneza mpangilio wa Street X peke yake. Daino inakuruhusu kuwa na mipangilio tofauti kwa aina tofauti za mashindano, na hii ndiyo hazina kubwa ya Underground 2 ambayo watu wanaipita kama wewe ulivyoipita. Mtu anafunga vipuri, anafurahi, anarudi barabarani. Gari la mzunguko mrefu na gari la Street X ni magari mawili tofauti hata kama yote ni 240SX moja yenye rangi ileile.

Ndani ya mpangilio huo anza na stebilaiza. Ya nyuma ilegeze, ya mbele ikaze kidogo. Ukikaza nyuma unaifanya iwe nyepesi kuteleza, ukilegeza unairudishia ushikaji. Usiruke hadi mwisho wa kipimo, sogeza hatua moja, nenda kwenye uwanja wa majaribio, zunguka, rudi. Ukiona bado mkia ni mwepesi, gusa springi za nyuma, nazo zilegee. Breki zipeleke mbele kidogo, maana breki zikiwa nyingi nyuma ndizo zinazokuchomoa mwanzoni kabisa mwa kona, kabla hata hujageuza usukani vya kutosha. Matairi usiyaguse kwanza. Na ukigusa vitu vitatu kwa pamoja gari likawa zuri hutajua ni kipi kilichokusaidia, likawa baya hutajua urudishe kipi. Kimoja kwa wakati mmoja.

Ukifika hapo gari litakuwa limetulia. Lakini utabaki na lalamiko lako la pili, la kutoka kwenye kona ukiwa umelala, injini inanguruma haivuti. Hilo halitibiwi na springi. Hilo ni gia, na kwenye gia naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu ndicho kitu kilichonifanya nilipende gemu hili mpaka leo.

Kila gia ina uwiano wake, halafu mwishoni kuna uwiano mmoja wa difu unaozidisha zote. Ukiufupisha huo wa mwisho, gia zote zinakuwa fupi kwa pamoja: gari linapata msukumo zaidi kwenye magurudumu na linapoteza kasi ya juu. Chukua mfano wa gari lolote. Difu ya 4.0 ukiifanya 4.5, msukumo unaofika kwenye magurudumu unaongezeka kwa asilimia 12.5, na kasi ya juu kabisa ambayo gia zinakuruhusu inashuka kwa asilimia 11 hivi. Hakuna cha bure hapo. Sasa jiulize, kwenye Street X ni lini umefika gia ya sita? Njia nyembamba ile, kona juu ya kona, huna nitro kwa sababu kwenye Street X imezimwa. Kasi ya juu unayoibeba ni mzigo usioutumia. Ifupishe difu mpaka sehemu ndefu kuliko zote ya njia uimalize gia ya nne ikikaribia mstari mwekundu. Ukimaliza ukiwa katikati ya gia ya tatu, bado ni ndefu. Ukilazimika kuingiza ya tano nusu sekunde kabla ya breki, umefupisha kupita kiasi, maana unapoteza muda kubadili gia usiyoitumia.

Halafu kuna pengo kati ya gia ya pili na ya tatu. Hapa ndipo unaposhinda au kushindwa Street X kwa gari lenye tabo. Tuseme unabadili gia injini ikiwa kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika. Gia ya pili ina uwiano wa 2.0 na ya tatu 1.4. Ukiingiza ya tatu sindano inaanguka mpaka 4,900. Kama tabo yako inaanza kusukuma hewa ya maana kwenye 5,200, basi kila ukiingiza gia ya tatu unakaa kimya kidogo ukisubiri, kisha nguvu inakuja kwa mpigo mmoja, tena mara nyingi inakuja ukiwa umeshaanza kukata kona inayofuata. Hapo ndipo nyuma inapochomoka! Sasa isogeze gia ya tatu iwe 1.5. Kwa mabadiliko yaleyale ya 7,000 sindano itaangukia 5,250, na tabo iko macho. Hakuna kusubiri, hakuna mpigo. Ni badiliko dogo sana kwenye kile kimstari cha daino, lakini barabarani linabadilisha tabia ya gari zima.

Gemu halikuandikii tarakimu hizi kama nilivyoziandika, linakuonyesha vimstari vya kuvuta na grafu ya nguvu. Kwa hiyo tumia masikio. Nenda kwenye mipangilio ya sauti, zima muziki, acha sauti ya injini peke yake. Kimbiza gari kwenye uwanja wa majaribio na usikilize kinachotokea mara tu baada ya kuingiza gia ya tatu. Kama sauti inashuka, inazama, halafu inapanda polepole ndipo ule mluzi wa tabo unapokuja, pengo ni kubwa. Kama inashuka kidogo na kuendelea kupanda bila kuzama, umefika. Mimi nikikaa na gari jipya hii ndiyo kazi yangu ya kwanza kabla ya rangi, kabla ya kitu chochote, na siwezi kueleza raha ya ile dakika sauti inapoacha kuzama.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, kompyuta ya injini na tabo zenyewe nazo zinarekebishika pale. Unaweza kuchagua nguvu yako ikae chini ya mizunguko au juu. Kwa Street X iweke katikati na chini, kwa sababu muda mwingi unatoka kwenye kona, hukimbizi mwisho wa gia. Grafu yako ikiwa na kilele kikali upande wa kulia ni nzuri kwa mbio ndefu, lakini kwenye kona nyembamba inakuwa kama kufungua bomba la maji lililoziba: hakuna kitu, hakuna kitu, halafu yote kwa pamoja.

Uendeshaji wenyewe nitaugusa haraka maana wewe si mgeni. Breki zimalizike gari likiwa bado limenyooka. Ingia kona ukiwa na mafuta kidogo tu, yale ya kulishikilia gari, usikae bila mafuta kabisa. Mguu uongezeke kadiri usukani unavyonyooka. Kwenye kona mbili zinazofuatana itoe sadaka ya kwanza ili uishike ya pili vizuri, kwa kuwa ya pili ndiyo inayokupa kasi ya sehemu iliyonyooka.

Na wale watatu nyuma yako, usiwaogope wakikukaribia. Wapinzani wa gemu hili wana desturi ya kukufuata karibu hata ukiwa umeendesha vizuri, kwa hiyo kuwaona kwenye kioo si dalili kwamba umeharibu. Wengi hapo ndipo wanapoanza kulazimisha gari. Endelea na mwendo wako uleule.

Mzee, kuhusu magari ya magurudumu manne nakubaliana na wewe kwa asilimia kubwa. Nina neno moja tu: ukiingia kona na kasi iliyozidi, gari la aina hiyo linakwenda moja kwa moja nje, pua haitaki kugeuka. 240SX iliyotulizwa nyuma inageuza pua haraka, na Street X ni mashindano ya kugeuza pua.

---

binti_neoni

Habari za humu. gia_ya_tatu amemaliza upande wa Street X, mimi nashika drift na yale mambo ya nyota, kwa sababu ndiyo sehemu yangu ya gemu.

Kaka, zile drift za mteremko unazikimbilia kama drift za uwanjani na si kitu kimoja. Uwanjani njia ni pana, unaliweka gari ubavu, unapanda pointi. Mteremkoni hakuna mpinzani anayekugonga, ila kuna magari ya raia yanayopita, njia ni nyembamba, na mteremko wenyewe unakuongezea kasi hata usipokanyaga. Hiyo ya mwisho ndiyo inayokupeleka ukutani. Unaanza kuteleza kwa kasi nzuri, kona inaendelea, na gari linazidi kuongeza mwendo huku umelala ubavu. Kufika katikati upana wa mtelezo umekuwa mkubwa kuliko barabara.

Fanya hivi: anza na kasi ndogo kuliko unavyodhani inatosha, na pembe ndogo. Gusa breki kidogo kidogo katikati ya mtelezo, usizishike. Usitafute pembe kubwa, tafuta urefu. Pointi zinazojikusanya kwa mtelezo mrefu usiovunjika ndizo zinazolipa, kwa sababu kizidishi kinapanda. Ukitoka kwenye kona ya kulia usilinyooshe gari kabisa kabla ya kona ya kushoto. Litupe upande wa pili moja kwa moja, mnyororo uendelee. Na ukiona kizidishi kimeshapanda vya kutosha na ukuta uko karibu, nyoosha gari, pokea pointi zako. Pointi zilizoingia hakuna anayekunyang'anya.

Halafu mpangilio wa drift uwe tofauti kabisa na ule wa Street X alioueleza mwenzangu. Huku unataka nyuma iwe nyepesi, stebilaiza ya nyuma ikazwe. Kwa drift 240SX uliyonayo ni chaguo bora, wala usiibadili.

Sasa kuhusu bodi na spika. Nyota ni hesabu ya mwonekano. Spoila, boneti, rimu, neoni, spika za nyuma, hidroliki, milango ya kufungukia juu, vyote hivyo vinahesabiwa kwenye nyota zako mpaka kumi, na bila nyota hupati majalada ya majarida na DVD ambayo wadhamini wanayadai. Ugonjwa wako wa kona si wa spika, gia_ya_tatu ameshakueleza ulipo. Na Rachel akikutumia ujumbe kwamba mpiga picha anakusubiri, acha unachofanya uende, maana muda unahesabiwa.

Ila naomba usifunge vitu kwa sababu ya nyota tu. Naona watu wanabandika kila kilichofunguliwa na gari linakuwa halina sura. Bayview ni usiku muda wote na barabara zinang'aa kama zimetoka kunyeshewa. Hilo linabadilisha kila kitu kuhusu rangi. Bluu nzito au zambarau iliyokolea ambayo kwenye karakana inaonekana ya kupendeza, ukitoka nje inakuwa nyeusi tu mpaka upite chini ya taa ya barabarani. Fedha, nyeupe ya lulu, chungwa la metali, hizo zinashika kila taa unayopita, mwanga unatembea kwenye boneti mpaka kwenye paa. Kwa umbo la 240SX, ambalo lina mabega mafupi na mgongo unaoshuka taratibu, mimi ningeweka rangi inayong'aa juu na neoni ya rangi ya kupingana nayo chini. Fedha na neoni ya kijani, kwa mfano. Neoni inamulika lami iliyolowa na gari linaonekana kama limekaa juu ya mwanga wake lenyewe. Ukiweka neoni ya rangi ileile ya bodi, vyote viwili vinafifia.

Bodi pana iache mpaka uwe na uhakika na rimu. Rimu ndogo ndani ya bodi pana inaacha uwazi mweusi juu ya tairi na gari zima linaonekana limeazimwa nguo. Chagua rimu kwanza, shusha gari, kisha ndipo uone kama bodi pana inahitajika. Mimi kwa 240SX huwa naiacha na bodi yake, nabadili bampa ya mbele na sketi za pembeni basi.

Na Mzee, Most Wanted nimeicheza na naipenda, lakini waliondoa neoni na vitu vingi vya kulipamba gari. Kwa mtu kama mimi ni kama wamezima taa. Carbon ya 2006 ilirudisha jambo hilo kwa namna nyingine, ile Autosculpt ya kuvuta bampa na boneti mpaka upate umbo lako mwenyewe. Hiyo nayo ni ya kujaribu.

---

mzee_wa_skyline

Dada hapo kwenye neoni nakubali, sibishi. Na gia_ya_tatu, hilo la pua kutogeuka ni kweli kwa Skyline ukiizidishia kasi. Ninachofanya ni kukaza stebilaiza ya nyuma, kinyume na ulivyomwambia kijana wa 240SX, na inageuka vizuri. Naliweka hapa kwa faida ya watakaokuja na magari hayo, wasichukue ushauri wa 240SX wakaupeleka kwenye Evo. Gari likiwa gumu kugeuka unakaza nyuma, likiwa jepesi kuchomoka unailegeza.

---

kona_kali

Wakuu, nimerudi. Shukrani sana, tena sana.

Nimelegeza stebilaiza ya nyuma na breki nimezipeleka mbele. Tofauti niliiona kona ya kwanza. Gari linakaa. Springi sikuzigusa kabisa kwa sababu halikuhitaji. Kisha nikazima muziki kama gia_ya_tatu alivyosema, na kweli, ule mzamo upo! Nimecheza gemu hili muda wote huo muziki ukiwa juu na sikuwahi kuusikia. Gia ya tatu nimeisogeza kidogo kidogo mpaka sauti ikaacha kuzama, na difu nimeifupisha. Street X ya Beacon Hill iliyokuwa imenikwamisha nimeishinda nikiwa mbele tangu mwanzo mpaka mwisho. Mteremko bado naufanyia mazoezi, lakini pointi sasa zinaingia. Dada, fedha na kijani nimeijaribu, nimekaa tu nazunguka mjini bila kushindana na mtu.

Nimebaki na mambo mawili. Nimeenda URL (Underground Racing League, ligi ya ndani ya gemu) na gari hilihili, kwenye zile njia pana zilizofungwa, wale wengine watano wakaniacha kwenye sehemu ndefu, sindano imegonga mwisho na hakuna gia nyingine ya kuongeza. Na kwenye drag, zile mbio za njia iliyonyooka, injini inanipasukia. Nashika mpaka sindano inaingia kwenye nyekundu ili nipate nguvu yote kabla ya kubadili, moshi, basi.

---

gia_ya_tatu

Umefanya vizuri kutogusa springi kama gari halikuomba.

La URL ni kwa sababu umebeba difu ya Street X kwenda kwenye njia ndefu. Fungua mpangilio wake, urefushe difu mpaka mwisho wa sehemu ndefu kabisa gia ya sita iwe bado ina nafasi kidogo. Usiirefushe kupita hapo. Upinzani wa hewa unakua kwa mraba wa kasi, na nguvu ya injini inayohitajika kuushinda inakua kwa mchemraba wake, kwa hiyo kuna mahali injini inaishiwa hata kama gia bado ipo. Ukiona sindano ya gia ya sita imesimama mbali na mstari mwekundu na haipandi, umepita hapo, rudisha. Huku nitro ipo, na unaijaza tena kwa kuteleza, basi itumie unapotoka kwenye kona ya mwisho kabla ya sehemu ndefu, usingoje katikati yake.

Drag: nyekundu haikupi nguvu. Kilele cha grafu yako kiko kabla ya nyekundu, baada ya hapo injini inashuka nguvu na kupanda joto, na ndiyo inayokupasukia. Badili sindano ikiwa kwenye eneo la kijani. Wakati wa kuondoka, kama matairi yanazunguka bure na moshi mwingi, irefushe gia ya kwanza peke yake, zingine ziache mpaka uone imesaidia. Nitro ihifadhi mpaka gia ya tatu, matairi yakiwa yameshashika. Na kama kuna gari la raia mbele kwenye njia yako, hama njia kwanza, kisha ubadili gia. Ukifanya vyote kwa pamoja utakosa kimojawapo.